Tupeane uzoefu: moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, ni mawazo au ni homoni?

Karabai
Wakuu, salaam. Hapa Mwanza ukisema moyo unakudunda na usingizi hauji, utajibiwa "una mawazo" au "umechezewa". Wenye kazi zenu, wafamasia, watu wa maabara, wakunga, leteni mnayokutana nayo kazini. Habari za maisha binafsi tuziache pembeni.

Naanza. Hofu ina njia mbili. Ya haraka ni adrenalini, kutoka tezi zilizokaa juu ya figo. Sekunde chache tu viganja vimelowa. Ya pili inakwenda kwa hatua: haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, inatoa homoni iitwayo CRH, CRH inaiamsha pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, itoe homoni nyingine, ACTH, nayo ACTH inashuka na damu hadi tezi zilezile za juu ya figo, zinatoa kotisoli, homoni ya msongo. Kotisoli ikitosha inarudi kuuambia ubongo "basi". Hiyo ndiyo breki.

Kotisoli ina saa yake: hupanda zaidi dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka. Sasa waangalie wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wako ziwani na taa, mchana wanalala. Mwezi ukiangaza wanarudi kulala usiku. Saa ya mwili huhama polepole, siku kadhaa, kwa hiyo ikikaribia kukaa sawa ratiba inageuka tena.

MpimaDamu
Kabla ya "mawazo", pima TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Mtu mzima huwa kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L hivi, kutegemea mashine. TSH ikizama na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, ikapanda, tezi ya shingo imezidisha kazi: jasho, joto halivumiliki, unakula na bado unakonda. Rovu si lazima lionekane. Mwambie anyooshe mikono, mtandikie karatasi juu ya vidole. Ule mtetemo mdogo wa harakaharaka usiouona kwa macho, karatasi itauonyesha.

Kinachoharibu kipimo ni baiotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine mzima anasomeka mgonjwa. Aache siku 2 kabla, na zaidi kama dozi ni kubwa.

Na kotisoli ya jioni msiisome kwa viwango vya asubuhi, jamani. Jioni huwa chini kwa kawaida, mtadhani haipo. Tena si kipimo cha wasiwasi.

Mfamasia wa Igoma
Mimi naleta diazepamu, dawa ya kutuliza, maana watu wanaiomba dukani kama panado.

GABA ni kemikali ya ubongo inayotuliza neva. Kipokezi chake, GABA-A, ni protini ya vipande 5 vilivyojipanga kama pete kwenye ukuta wa seli ya neva, katikati kuna tundu. GABA ikikaa mahali pake tundu linafunguka, kloraidi inaingia, neva inapoa. Diazepamu haifungui yenyewe. Inaifanya GABA ifungue mara nyingi zaidi. Ukimeza kila siku kwa wiki kadhaa vipokezi vinazoea, na ukiacha ghafla wasiwasi unarudi mkali kuliko wa mwanzo, hata degedege. Dozi hupunguzwa kwa asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, daktari akisimamia. Ukichanganya na gongo, pumzi inaweza kukata.

Setralini, dawa ya sonona na wasiwasi, ni habari nyingine. Inaziba protini inayorudisha serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ndani ya neva, na kuziba huko ni kwa saa chache, lakini nafuu huchukua wiki 2 hadi 6. Siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuzidi, hapo ndipo wengi wanatupa vidonge. Ndiyo maana mara nyingi huanzwa na mg 25 kwa wiki moja, kisha 50.

Propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo na mtetemo: mwenye pumu asiiguse. Mwenye kisukari, itamfichia dalili za sukari kushuka. Mara nyingi hubaki jasho tu.

Karabai
Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu pale mwaloni?

Mfamasia wa Igoma
Kopo la ml 250 huwa na kafeini kama mg 80. Ukinywa saa 12 jioni, saa 5 usiku nusu bado imo kwenye damu. Anayemeza vidonge vya majira vyenye estrojeni hukaa nayo karibu mara mbili ya hapo.

Mkunga Nansio
Kondo likitoka, projesteroni inaporomoka ndani ya siku chache. Mwili huigeuza kuwa alopregnanoloni, ambayo hukaa kwenye pete ileile ya GABA-A na kutuliza. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mama kulia siku ya 3 hadi ya 5, watu wanasema anadeka. Ikipita wiki 2 haijatulia, aende kituo cha afya. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni siku hiyohiyo.

MpimaDamu
Hapo mkunga niongezee: tezi ya shingo nayo huweza kuvimba baada ya kujifungua na kumwaga homoni, kwa kawaida mwezi wa 1 hadi wa 6. Mama wa miezi mitatu anayetetemeka, mwandikieni TSH.