Mjadala: Taka Ukishamkabidhi Mwenye Mkokoteni, Wajibu Wako Umekwisha?

Mtoa hoja

Naileta hoja hii mbele ya wakaazi wenzangu wa Mombasa nikijua kwamba wengi wataipinga. Kila masika, mitaro inapozibuliwa na kukutwa imesheheni chupa za plastiki, nepi na makumbi ya madafu, lawama zote hutupiwa serikali ya kaunti. Kaunti ina sehemu yake, na sitaitetea. Hata hivyo Katiba ya 2010, ambayo katika Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, katika Ibara ya 69 inambebesha kila mtu jukumu la kushirikiana na vyombo vya dola na wenzake kuyahifadhi. Ibara ya kwanza twaitaja sana. Ya pili haisikiki barazani.

Anayetupa ovyo hadharani simjadili kwa urefu, maana kosa lake li wazi. Nitataja jambo moja tu ambalo huonekana Mama Ngina jioni za Jumapili: mtu hula mihogo na kachiri huku akitazama meli ikiingia Kilindini, kisha huinuka na kuipanga karatasi na chupa yake vizuri juu ya ukuta, kana kwamba kuweka si kutupa, na upepo wa kusi ukaimalizia kazi. (Mtalii husingiziwa mengi katika mji huu, lakini hawa ni sisi wenyewe.)

Anayenishughulisha zaidi ni yule mwungwana ambaye hatupi kitu njiani, kwa kuwa kijana wa mkokoteni humpitia nyumbani kuchukua taka, naye humlipa na kufunga mlango. Zamani, jaa lilipokuwa Kibarani, kila aliyeingia kisiwani kwa njia ya Makupa alipokewa na moshi na uvundo, na hakuna aliyeweza kudai kwamba hajui taka zake zinaishia wapi. Jaa lile likafungwa, pakapandwa miti, taka zikaelekezwa Mwakirunge. Lilikuwa jambo jema, ila hakuna mkokoteni utakaosukumwa kutoka Majengo hadi Mwakirunge. Kijana anapaswa kuzifikisha mahali ambapo lori huja kuzichukua. Pakiwa mbali au pamefurika, huzimwaga penye uchochoro usio na mwenyewe, au ukingoni mwa mikoko ya Tudor, ambako maji yakijaa huzibeba. Sisi tunaomlipa twajua, kwa sababu ujira tunaompa hautoshi kwa safari ya kweli, lakini hatuulizi. Nadai kwamba kutouliza huko nako ni kutupa taka.

Mchangiaji kutoka Kisauni

Ndugu mtoa hoja, maneno yako ni mazuri kwa mtu mwenye ua na pipa. Mimi ni mpangaji katika nyumba ya Kiswahili ambamo kila chumba kina familia, na mwenye nyumba hajatenga hata pembe moja ya kuweka taka. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Unataka nimfuate kijana wa mkokoteni nyuma hadi Tudor, nikiwa na mtoto mgongoni?

Kumbuka pia mifuko ya plastiki. Miaka mingi tulihubiriwa tuache kuitupa, na mahubiri yote hayo hayakuitoa mitini wala baharini. Ilipofika tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ikaanza kutekelezwa kwa mtengenezaji, muuzaji na mtumiaji, faini ikiwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo, na dukani mifuko ile ikatoweka. Hatukuamka siku ile tukiwa na tabia bora kuliko jana yake. Sheria ilikwenda chanzoni, na chanzo si mimi.

Mchangiaji aliyewahi kusukuma mkokoteni

Mmenizungumza sana bila kuniuliza. Chupa safi ina mnunuzi, tena kwa kilo; sikuwahi kumwaga chupa ambayo ningeweza kuiuza. Kilichomwagwa ni kile ambacho mama au baba mwenye nyumba alikitia katika gunia moja, maganda ya ndizi, samaki aliyeoza, nepi na chupa, vikarowana hadi hakuna anayevitaka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zitenganishwe pale pale zinapotoka, zinazooza kando na zilizo kavu kando. Katika nyumba nilizozihudumia, sikupata kuona magunia mawili.

Mtoa hoja anajibu

Dada yangu wa Kisauni, kuhusu mifuko sina ubishi: ilikwenda kwa sababu ilizibwa chanzoni, na natamani chupa nazo zingefuatiliwa hadi kwa wanaozitengeneza. Lakini chukua fuo zetu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku kwenye fuo, na bado ukipita ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta baada ya sikukuu utazikuta, kwa sababu zimetoka nyumbani ndani ya kikapu cha familia, pamoja na biriani na jamvi. Hapo hakuna mwenye duka wa kumbana katikati, na askari hawezi kufungua kila kikapu. Amebaki mwenye kikapu.

Na ndugu wa mkokoteni ametupatia jambo lisilohitaji lori wala bajeti: gunia la pili. Mpangaji asiye na pembe ya kuliweka hawezi kulaumiwa, na kwa hilo nakubaliana na dada moja kwa moja. Basi swali nalihamishia kwa wenye nyumba mnaosoma hapa, mnaopokea kodi kila tarehe tano: ni wangapi kati yenu mtakaokubali kutenga mahali pa magunia mawili, na kuongeza ujira wa anayeyabeba ili afike lori lilipo?