Tupeane uzoefu: mambo yalipokuharibikia, nani usiyemtegemea akageuka ndugu?

Wakuu, habari za humu. Wiki iliyopita nilinunua riwaya ya mtumba pale Makoroboi, Mwanza, kwa buku (elfu moja) tu, jalada limeng'oka hata jina sijalijua. Watu watano, kila mmoja na balaa lake, wanajikuta kwenye nyumba moja ya kupanga. Nimeipenda, ila mwandishi kawapatanisha upesi mno: ukurasa huu wanatukanana, ukurasa wa pili wanafutana machozi. Huku kwetu haiendi hivyo.

2014 niligongwa na lori nikiwa na bodaboda, nikavunjika paja. Wodini, kitanda cha pembeni, nani? Dereva wa lori lenyewe! Alijaribu kunikwepa akaishia mtaroni, mbavu zikaenda. Mke wake yuko Sengerema, anavuka na feri ya Kamanga Jumapili kwa Jumapili. Mama yangu akija na uji na michembe (viazi vitamu vya kukaushwa) anampa mgongo. "Huyo ale kwao." Siku ya nne jamaa alikuwa anakunywa maji na kuangalia ukuta huku mimi natafuna. Mama kimya. Kesho yake kaja na vikombe viwili, kimoja kakiweka kwenye stuli ya jamaa, mgongo bado kampa. Alimlisha wiki tatu bila kumtazama usoni. Leo binti wa mwisho wa yule dereva ana jina la mama yangu.

Haya, ninyi je?

Mama wa Igombe: Mdogo wangu, umenikumbusha mbali. Mke mwenzangu nilimjua siku ya msiba wa mume. Mume wangu mvuvi, kumbe kisiwani ana nyumba nyingine. Huyo mwanamke kaja na watoto wawili, ukiwaona na wangu huwatofautishi. Wakwe walitaka nimfukuze, lakini nguvu za kufukuza mtu ningezitoa wapi? Mwaka uliofuata akahamia Igombe, anaanika dagaa hatua chache kutoka kwangu. Salamu hakuna.

Siku moja nimempeleka mtoto zahanati, mvua ikatokea ziwani ghafla. Narudi mbio, nakuta dagaa wangu wameanuliwa, wako chini ya turubai. Wake wamelowa, ndoo nane nzima. (Anayejua dagaa anajua, wakinyeshewa hivyo ni chakula cha kuku.) Nikamuuliza kwa nini. "Wako ndio walikuwa karibu na turubai." Mpaka leo hajanipa jibu jingine. Siku hizi chanja letu la kuanikia ni moja na mkopo tunakopa pamoja. Tukigombana ananiita "mke mkubwa" ili kunikomoa, na yeye ndiye kanizidi umri.

Mjanja wa Buzuruga: Msidanganyike. Nilimkaribisha jamaa tuliyekutana stendi ya Nyegezi, kaachwa na mke kama mimi. Wiki mbili tunapeana pole. Ya tatu kaondoka na redio na godoro. Godoro, wakuu! Alipita nalo wapi majirani wasimwone?

Mtu wa Igoma: Nimecheka hiyo ya godoro. Yangu haina kicheko. Kaka yangu alikuwa kwenye MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria 21 Mei 1996. Hakupatikana. Kila tarehe hiyo naenda makaburi ya Igoma walikozikwa wenzake, maana sina pengine pa kwenda.

Mwaka mmoja nikakuta bibi wa Kihaya yuko peke yake, anang'oa majani kwenye kaburi. Nikampa pole, nikijua ni la mtu wake. Akasema, "Sijui ni la nani. Binti yangu hakuonekana, basi nimechagua hili." Nikachuchumaa tukang'oa wote. Akatoa senene wa kukaanga kwenye kifuko, tukala pale pale.

Tangu hapo tunakutana mara moja kwa mwaka, kaburi lile lile, mimi naleta soda. Mwaka jana hakuja. Nilikaa mpaka saa nane mchana na soda mbili.

Mama wa Igombe: Jamani. Hukuchukua namba?

Mtu wa Igoma: Hana simu. Alisema kwao ni Kamachumu. Basi la alfajiri siku hizi nauli ni shilingi ngapi?