Kuku wa Idd amebaki na wali umebaki: naomba ushauri wa wali wa kukaanga kwa chakula cha usiku wa leo

Mama Ngamiani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na heri ya Idd kwenu nyote. Naandika kutoka Ngamiani, hapa Tanga mjini, nikiwa na swali ninalohitaji kulipatia jibu kabla ya Magharibi, kwa sababu usiku nina watu saba wa kuwalisha na sina nguvu ya kuanza pishi kubwa tena baada ya siku mbili za kusimama jikoni.

Jana walifika wageni wachache kuliko tuliowatarajia. Tulikuwa tumechoma kuku wanne wa kisasa kwa mkaa, waliolala usiku mzima katika tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na mtindi, na kati yao amebaki mmoja na nusu. Yule mzima hakufika sebuleni kabisa. Alipopoa kidogo nilimtia katika chombo chenye kifuniko nikamweka kwenye friji, na saa nane mchana ilikuwa bado haijafika. Vile vipande vya nusu vilibaki mezani juu ya sinia, vikiwa vimefunikwa kawa, tangu adhuhuri hadi wageni wa mwisho walipoaga baada ya Isha, ndipo nami nikavitia frijini. Upande wa wali, nina nusu sufuria ya wali wa nazi ambayo kwa uchovu niliifunika na kuiacha juu ya jiko usiku kucha. Leo asubuhi nimeufunua na kuunusa, wala sikusikia harufu ya kuchacha.

Nia yangu ni kuviunganisha vyote niwe na wali wa kukaanga, wenye mayai, karoti, hoho na njegere. Nimeujaribu mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili wali ulishikana ukawa bokoboko na kuku akawa mkavu hata watoto wakamtenga pembeni mwa sahani. Naomba mnieleze kama kuku huyu bado anafaa, hasa kwa kuwa umeme ulikatika leo asubuhi kwa muda wa saa tatu hivi, na mnifundishe namna ya kuufanya wali uchambuke.

Bi Mkubwa wa Pangani

Waalaykum salaam mwanangu, na Idd njema. Kuku wa kuchoma usimhofie, maana moto na ndimu vimeshamfanyia kazi. Ama huo wali wa nazi, sisi tumekua tukila kiporo chake asubuhi kwa chai ya rangi, na kiporo kilichokaangwa kwa kitunguu kilikuwa kikigombewa. Kama haujachacha wala haujafanya utando, uchambue kwa mkono, uutie karaini na umalize kazi yako mapema.

Muuguzi wa Pwani

Shikamoo Bi Mkubwa. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa sababu katika vyakula alivyovitaja dada yetu, kinachonitia hofu kuliko vyote ni wali.

Mchele mbichi mara nyingi huja na viini vya bakteria aitwaye Bacillus cereus, na viini hivyo vina ganda gumu linaloviwezesha kustahimili kuchemka. Wali ukiisha kuiva kisha ukakaa katika vuguvugu, viini huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo ikishatoka haiondolewi na moto wa karai hata ukaange kwa muda gani. Mtu aliyeila huanza kutapika ndani ya saa chache, aghalabu kabla ya saa 6 kupita. Pua haiwezi kuitambua, kwa hiyo kutosikia harufu ya kuchacha si ushahidi wa usalama. Nusu sufuria ya wali iliyofunikwa hubaki na joto katikati kwa muda mrefu sana, na kwa hali ya hewa ya Tanga ni sawa na kuwatengenezea wadudu hao kitanda. Wengi wamekula kiporo cha namna hiyo wakasalimika, nami nimekila utotoni. Lakini mtoto mdogo anayetapika hupungukiwa na maji mwilini upesi, na dada ameeleza kuwa ana watoto nyumbani.

Kanuni tunayoifuata ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto la hewa likizidi nyuzi 32, kisizidi saa 1. Kwa kipimo hicho, vipande vilivyoshinda kwenye sinia tangu adhuhuri hadi baada ya Isha havifai, kwa sababu kawa huzuia nzi lakini haizuii joto, na kuvitia frijini baadaye hakufuti kilichokwisha kutokea. Kuku mzima ni habari nyingine kabisa. Kuku aliyepikwa akahifadhiwa mapema katika friji yenye nyuzi 4 au chini hukaa siku 3 hadi 4. Kuhusu umeme, friji ambayo mlango wake haukufunguliwa hushika baridi yake kwa takriban saa 4. Kwa hiyo nakuuliza, dada: katika zile saa tatu, watoto walikuwa wakifungua friji kufuata sharubati na maji baridi?

Mama Ngamiani

Ahsante sana dada muuguzi. Friji haikufunguliwa, kwa sababu umeme ulikatika alfajiri na watoto walikuwa wamelala; uliporudi ndipo walipoanza kuamka. Nimevimwaga vile vipande, na wali nimeumwaga pia. Sitaficha kwamba kumwaga chakula siku ya pili ya Idd kumeniuma, kwa maana nazi mbili nilizikuna mwenyewe, lakini maneno yako juu ya sumu isiyokufa kwa moto yamenitosha.

Sasa nimebaki na kuku mmoja mzima na mchele mkavu. Nimekuwa nikisikia kwamba wali wa kukaanga lazima uwe umelala, na sina wali uliolala. Je, niache wazo hili?

Mpishi wa Chumbageni

Usiliache, mwanangu. Nimesimama mbele ya karai kwa miaka mingi, na wali wa kukaanga wa haraka nimeupika mara nyingi kwa mchele ulioiva saa hiyohiyo.

Kwanza tuelewe kwa nini wali uliolala husifiwa. Wali ukipoa, wanga uliomo ndani ya punje hukaza, na unyevu wa juu ya punje hukauka, ndiyo maana punje hukataa kugandana zinapokutana na mafuta. Wali wa moto una punje laini zenye maji juu yake. Ukiutia karaini na kuuchota kwa mwiko, unausaga. Basi kazi yako ni kuufanya wali mpya ukauke na kupoa kwa muda mfupi. Osha mchele nusu kilo hadi maji yawe karibu meupe kama ya kunywa, ili wanga wa juu uondoke. Kama kawaida yako ni kutia vikombe 2 vya maji kwa kikombe 1 cha mchele, leo tia kikombe 1 na nusu, chumvi kidogo na kijiko kimoja cha mafuta. Usitie tui. Nazi ni tamu, lakini mafuta na utamu wake huufanya wali uwe mzito na ushike chini ya karai, nami nadhani hapo ndipo ulipokosea mara zile mbili. Wali ukikauka maji, punguza moto, funika na uuache uive kwa mvuke, kisha uumwage juu ya sinia mbili pana, uutandaze uwe mwembamba kama unavyoanika mpunga, na uziweke sinia mbele ya feni. Baada ya dakika 20 hivi gusa punje: ukiona imepoa, imekauka juu na inasimama peke yake kidoleni, wali uko tayari. Usisahau sinia hizo hapo mezani hadi usiku, kwa sababu ile kanuni ya muuguzi inazihusu vilevile.

Wakati wali unapoa, chambua kuku. Mnyofoe nyama kwenye mifupa, na uikate vipande vidogo vinavyolingana na njegere mbili au tatu. Ngozi iliyoungua kwa mkaa usiitupe. Ikate nyembamba, kwa maana harufu yote ya moshi imo humo. Nyama ya kidari ndiyo iliyokausha vinywa vya watoto wako, kwa sababu ilikwisha kuiva jana na wewe ukaikaanga mara ya pili tangu mwanzo. Kuku aliyekwisha kuiva huingia karaini mwishoni, akae muda wa kupata moto hadi ndani na si zaidi. Kidari kinyunyizie ndimu na kijiko kimoja cha mafuta kabla ya kukitia.

Sasa moto. Karai liwe tupu na la moto sana kabla ya mafuta. Tia mafuta, piga mayai matatu, yakoroge yashike kidogo yakiwa bado na ulaini, yatoe uyaweke kando. Ongeza mafuta, tia kitunguu maji, kisha karoti iliyokatwa ndogo, halafu hoho na njegere zilizokwisha chemshwa. Dakika mbili au tatu zinatosha, mboga ibaki na ukakamavu wake. Kitunguu saumu na tangawizi vitie baada ya mboga, visije vikaungua na kuleta uchungu. Ndipo utie wali, na hapa nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote: usiutie wote. Watu saba ni wengi kwa karai la nyumbani. Ukilijaza, moto unashindwa, mvuke unazidi, na badala ya kukaanga unachemsha. Gawa kila kitu mafungu matatu, kila fungu likaangwe dakika nne au tano, huku unaugeuza wali kutoka chini kwenda juu bila kuuponda. Sosi ya soya ipitishe ukingoni mwa karai ili iungue kidogo kabla ya kuufikia wali, kijiko kimoja kwa kila fungu. Chumvi onja kwanza, maana sosi ina chumvi na kuku wako ana chumvi. Mwisho kuku, mayai, pilipili manga na majani ya vitunguu.

Mpenda Bata, Bagamoyo

Naongeza neno moja kwa walio na bata badala ya kuku, kama sisi huku Bagamoyo tulivyo sasa. Bata ana mafuta mengi chini ya ngozi, kwa hiyo anza kwa kuikaanga ngozi peke yake katika karai lisilo na mafuta kwa moto mdogo. Itatoa mafuta ya kutosha kukaangia kitunguu na wali wote.

Mama Ngamiani

Shikamoo baba mpishi, Mwenyezi Mungu akulipe. Nina maswali mawili. Mchele nilionao ni wa kununua kwa mpimo pale soko la Mgandini, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa ni wa Mombo wa mavuno mapya, je, utafaa? Pili, jiko langu ni la gesi lenye moto wa wastani, ila jiko la mkaa pia ninalo.

Bi Mkubwa wa Pangani

Muuguzi, marahaba mwanangu, nimekusoma na nimekuelewa. Hilo la sumu kutokufa kwa moto sikulijua, na wajukuu wangu nitawaeleza leo hii. Hili la mchele acheni nilijibu mimi. Mchele wa mavuno mapya unanukia vizuri lakini una unyevu mwingi, hivyo hushikana upesi. Mchele mkuukuu, uliokaa ghalani miezi mingi, hunywa maji zaidi na punje zake huchambuka. Kwa pishi la leo, kama huwezi kuubadilisha, punguza maji hata chini ya kipimo alichokutajia mpishi, uwe unaongeza kidogo kidogo kwa kunyunyiza ukiona kiini bado kigumu.

Mpishi wa Chumbageni

Bi Mkubwa amesema kweli tupu. Na kuhusu moto, tumia mkaa. Uwashe mapema, usubiri makaa yote yawe mekundu, uyapepee kabla ya kila fungu. Gesi ya moto wa wastani italifanya kazi fungu la kwanza na kulichosha la pili.

Muuguzi wa Pwani

Nami niongeze kwamba kuku apate moto hadi katikati ya kipande, wa nyuzi 74 kwa anayemiliki kipimo. Asiye nacho apasue kipande kikubwa kuliko vyote na aone mvuke ukitoka ndani. Kitakachobaki usiku wa leo msikihifadhi tena kwa kukaangwa mara ya tatu. Mifupa, kwa kuwa imetoka kwa yule kuku wa friji, irudishwe frijini na ichemshwe kesho asubuhi kwa tangawizi na ndimu iwe supu.

Mama Ngamiani

Narudi kutoa taarifa, sasa ni saa nne kasoro usiku. Mchele niliupika kwa kikombe 1 na robo ya maji, na bado nililazimika kuunyunyizia mara moja tu. Nilipoutandaza mbele ya feni, mwanangu mkubwa aliuliza kama tunaanika. Baada ya dakika 25 niliuchota mkononi ukapita kati ya vidole kama punje za mtama.

Fungu la kwanza nililitia wali mwingi kwa haraka ya njaa za watu, nikauona mvuke unapanda na wali unaanza kulegea, nikatoa nusu yake papo hapo. Fungu la pili na la tatu nilifuata maelekezo, na tofauti ilisikika hata kwa sikio, maana wali ulikuwa ukilia karaini na punje zikiruka. Ngozi ya kuku iliyoungua ndiyo iliyoleta ladha ambayo sikuwahi kuipata, kana kwamba wali wote umepikwa juu ya mkaa. Kidari nilikitia ndimu na mafuta kama baba mpishi alivyoagiza, na safari hii sahani za watoto zimerudi jikoni bila kipande kilichotengwa. Mume wangu aliomba pilipili ya kusaga pembeni na akaongeza mara mbili. Sinia zimebaki tupu. Mifupa iko frijini, na tangawizi nimeshaitenga kwa ajili ya supu ya asubuhi.