Mkutubi na kitabu asichokipenda

Swali (Kadutu, Bukavu)
Ndugu zangu, ninasimamia maktaba ndogo ya mtaa, ambako wanafunzi na akina mama wa sokoni huazima riwaya za mapenzi zilizochakaa hadi majalada yake yameshonwa kwa uzi, huku vitabu vya historia vikijaa vumbi. Je, nina haki ya kumwelekeza msomaji kwenye kitabu ninachokiona bora kuliko alichokiomba?

Jibu (Goma)
Dada, mpe alichokiomba, tena bila kukunja uso, kwa kuwa msomaji aliyetiwa aibu mbele ya meza yako harudi tena. Kanuni za maadili zilizopitishwa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, mwaka 2012 zinamtaka mkutubi atenganishe imani zake binafsi na wajibu wa kazi yake. Akikuomba ushauri, hapo mshauri kwa moyo wote.

Jibu (Lubumbashi)
Ninakubali, ila fedha zetu ni chache, na kila kitabu kinachonunuliwa kinachukua nafasi ya kingine, kwa hiyo kuchagua hakuepukiki. Ranganathan, mtaalamu wa maktaba wa India, alifundisha mwaka 1931 kwamba kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Basi weka daftari la maombi mlangoni, ununue kwa kulifuata, na vile vya historia vipange mezani palipo na mwanga.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na mzazi akidai kitabu cha waganga wa jadi kiondolewe kabisa?

Jibu (Goma)
Ana haki ya kumchagulia mwanawe, dada, lakini si watoto wa majirani.