Mrejesho: ule mstari kwenye ini haukuwa kimeng'enya

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwenye kipimo cha Western blot, ambapo protini za tishu hutenganishwa kwa ukubwa, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili huonyesha kwa mstari ile unayoitafuta, niliuliza kwa nini kingamwili yangu ya HSD11B2, kimeng'enya kinachogeuza kotisoli kuwa kotisoni ndani ya figo, inatoa mstari mnene hadi kwenye ini la panya, mahali ambapo hakitarajiwi kabisa. Ini lina kimeng'enya ndugu yake, HSD11B1.

Aliyeniambia nirudie kipimo bila kingamwili ya kwanza (ile inayonasa kimeng'enya; ya pili huinasa hiyo ya kwanza ili mstari uonekane), Mungu akubariki. Nilikata utando vipande viwili, kimoja nikakiwekea kingamwili ya pili peke yake. Mistari ikatokea vilevile! Mmoja kwenye kilodaltoni 50 (kipimo cha ukubwa wa protini), mwingine kwenye 25. Hiyo ni minyororo mizito na myepesi, yaani vipande vikubwa na vidogo, ya kingamwili za panya mwenyewe, zilizobaki kwenye damu ndani ya tishu. Kingamwili yangu ya kwanza ilitoka kwa panya, basi ya pili, iliyotengenezwa kunasa kingamwili za panya, ikawa inakamata zote bila kubagua. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumlaumu muuzaji, nimemkosea.

Nimehamia kingamwili ya sungura, na safari hii nilisukuma damu yote itoke kwa maji ya chumvi kabla ya kutoa figo. Jana jioni figo lilionyesha mstari mmoja mwembamba, juu kidogo ya 40. Upande wa ini mweupe, bila mstari wowote.

Nilikaa nikiutazama ule weupe muda mrefu. Miezi miwili nimeutafuta. Asanteni sana.