Tipu ya msusi + barua ya CP2000, naombeni msaada jamani

Kutoka: Mama Tunu (Houston)

Wapendwa habari za wikendi. Naombeni mnisaidie maana nimechanganyikiwa. Kama wengi mnavyojua mie nasuka Jumamosi na Jumapili saluni ya mtu, nalipia kiti, si mwajiriwa wake. Sasa nimeletewa CP2000, ile barua ya IRS (watu wa kodi wa Marekani), ya mwaka wa kodi 2024, wanasema 1099-K, yaani taarifa ya hela zilizoingia kwenye ile apu ya malipo, na Schedule C, fomu ya mapato ya biashara niliyojaza, haviendani. Na kweli haviendani, sababu kwenye apu kila kitu kimeingia humo humo, hela ya kusuka, hela ya rasta ninazomnunulia mteja halafu ananirudishia, tipu, mpaka mchango wa ule msiba tulioukusanyia kwangu. Aliyenijazia fomu nikimpigia hapokei, mwezi wa pili alikuwa anapokea vizuri sana.

Swali langu: kwenye lile karatasi la kujibu niweke nakubali au sikubali? Na tipu nazitenganishaje na hela ya rasta wakati mteja katuma yote kwa mkupuo? Tarehe ya mwisho iko juu ya barua na inakaribia. Tipu zenyewe siku hizi ni za kuokoteza, bei zimepanda watu wanaona wakishalipa wamemaliza.

Kutoka: Baba Wambo (Columbus)

Pole sana mama. Mambo ya CP siyajui lakini kwa vile umegusa tipu wacha niseme kitu imenikaa kwa roho. Juzi nimepeleka binti yangu kusukwa, knotless mpaka kiunoni, dola 280, nywele nimenunua mwenyewe, mtoto amekuja ameoshwa na kukaushwa nyumbani kwa sababu hiyo nayo inalipiwa kando, depoziti nilishatuma kitambo. Kumaliza, tableti inageuzwa: 20, 25, 30. Pa kukataa pameandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo na msusi amesimama hapo hapo ananiangalia kidole. Asilimia 20 ya 280 ni 56. Kwani hiyo 280 ilikuwa ya nini? Pale Kenyatta Market Nairobi unakaa kwa kiti wanawake watatu wanakushika kichwa pamoja, bei mmesikizana mapema, umelipa umeenda, hakuna wa kukununia. Kama 280 haitoshi andika 336 nijue kama nakuja ama siji.

Kutoka: Dada Zai (Columbus)

Baba Wambo shikamoo, ila hapo umenikera na nitasema. Mimi nasuka kwa kamisheni, nusu kwa nusu. Kwenye hiyo 280 yako 140 ni ya mwenye saluni, hajashika hata kitana. Nimesimama masaa sita na nusu, mtoto anainamisha shingo kwenye simu, anataka chooni, anataka chipsi, anasema naumia kabla sijamgusa. Gawanya hiyo 140 uone saa moja inanipa ngapi, halafu kumbuka kuna mteja wa asubuhi hakutokea na depoziti yake imebaki kwa bosi. Watu mnaona kichwa kimoja 280 mnazidisha kwa siku saba mnatutajirisha kwenye makaratasi. Bei sipangi mimi na tableti siweki mimi.

Kutoka: Kijana wa Dallas

Dada Zai yuko sahihi mbona. Isitoshe wasusi hapa Marekani wanalipwa dola 2.13 kwa saa kama maweita, tipu ndo mshahara wao. Usipotoa umemdhulumu mtu.

Kutoka: Mzee Kitwana (Seattle)

Kijana, soma kabla ya kuandika. Hiyo 2.13 ni kima cha serikali kuu kwa mwajiriwa anayepokea tipu, iko hivyo tangu 1991, na hata huyo tipu zake zisipofikisha 7.25 mwajiri analazimika kujazia. Zipo majimbo haikubaliki kabisa, hapa kwetu Washington haipo, California haipo, Minnesota haipo. Na mwenye kulipia kiti kama Mama Tunu hana mshahara wowote, ni mfanyabiashara, 2.13 haimhusu hata kidogo.

Tatizo la mjadala huu wote mnasema "msusi" tu na hamuulizi msusi yupi. Anayelipia kiti bei anapanga yeye. Akiona 280 ndogo apandishe, ukimwongeza umefurahia kazi, usipomwongeza hujamdhulumu, na hapo Baba Wambo ana hoja. Wa kamisheni bei hapangi yeye, yeye tipu ndiyo sehemu pekee ya ile hela isiyokatwa nusu. Kwa hiyo saluni inavyozidi kuwa ghali ndivyo wa kamisheni anavyozidi kulaumiwa kwa bei asiyoiweka. Muulize mtu kabla hajaanza kukusuka, si aibu. Na mpe mkononi taslimu.

Kutoka: Dada Zai (Columbus)

Asante mzee. Saluni niliyokuwa zamani tipu za kadi zilikuwa zinapita kwa bosi na zikitoka zimekonda.

Kutoka: Mzee Kitwana (Seattle)

Hiyo hairuhusiwi. Tangu 2018 sheria inasema wazi mwajiri, meneja wala msimamizi hawezi kujiwekea tipu ya mfanyakazi wake. Sema watu wetu wanaogopa kusema.

Kutoka: Baba Wambo (Columbus)

Sasa mimi nianze kumhoji mtu ajira yake na kichwa cha mtoto kiko mikononi mwake? Na je mwenye saluni akinisuka yeye mwenyewe? Nilifundishwa mwenye duka hapewi tipu.

Kutoka: Kijana wa Dallas

Tusisumbuane. Trump kafuta kodi ya tipu, Mama Tunu andika tu kwamba zote zilikuwa tipu, kesi imeisha 😂

Kutoka: Fundi Mahesabu (Minneapolis)

Mama Tunu USIFANYE HIVYO. Mimi si CPA (mhasibu mwenye leseni), niko idara ya mishahara, lakini hii naijua. Kwanza sheria ilisainiwa Julai 4, 2025 na inaanza mwaka wa kodi 2025 mpaka 2028, barua ya mama ni ya 2024 kwa hiyo haimgusi. Pili hawajafuta kodi, ni punguzo, unaruhusiwa kuondoa tipu ulizopokea hadi dola 25,000 kwenye kipato kinachotozwa kodi ya mapato, ukivuka kipato cha 150,000 kwa asiye na ndoa linaanza kupungua. FICA (makato ya Social Security na Medicare) unalipa kama kawaida, na aliyejiajiri analipa ile asilimia 15.3 ya Schedule SE, fomu ya kodi ya kujiajiri, kama kawaida. Tatu iwe hiari ya mteja. Ile saluni inayokubandikia asilimia 18 bila kukuuliza, hiyo kwa IRS si tipu, ni malipo ya huduma, haiingii kwenye punguzo. Kwa hiyo tableti ya Baba Wambo yenye pa kukataa, hata kama pamefichwa, ni tipu halali. Nne lazima uwe na SSN (namba ya Social Security) ya kufanyia kazi, ukiwa na ITIN (namba ya kodi ya asiye na SSN) hupati.

Kutoka: Mama Tunu (Houston)

Asante Fundi. Sasa niweke nakubali au sikubali?

Kutoka: Asha K. (Phoenix)

Subirini, ITIN hupati?? Yaani mtu analipa kodi kila mwaka kwa ITIN, anasimama pale pale na mwenzake, mikono ile ile, punguzo anapata mmoja? Na kuanzia Januari 2026 ukituma hela nyumbani kwa taslimu wanakukata asilimia moja juu. Mimi mama yangu natumia kila mwezi. Tukija hapa tunaambiwa fanya kazi, ukifanya unakatwa, ukituma unakatwa.

Kutoka: Mzee Kitwana (Seattle)

Ni kwa taslimu, money order na hundi za benki (cashier's check) tu, ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya hapa haikukati. Tusitiane hofu.

Kutoka: Asha K. (Phoenix)

Sawa mzee lakini si wote wana benki. Ndo hao hao wa ITIN.

Kutoka: Baba Wambo (Columbus)

Kwani nyumbani ni tofauti? Kule 2024 vijana waliingia bunge juu ya Mswada wa Fedha, ikarudishwa, halafu ushuru ikaingia kwa mlango ya nyuma. Hapa angalau barua wanakuandikia.

Kutoka: Shangazi wa Lowell

Na kwetu Tanzania tozo za miamala 2021 mmesahau? Mtu anamtumia bibi hela ya dawa anakatwa kutuma anakatwa kutoa. Ila wanangu mie niseme ukweli, nilipoona hii mada nikacheka. Dola 280 kusuka! Sisi tulisukwa barazani, umekalishwa kwenye mkeka kichwa kimebanwa magotini kwa mama mkubwa, mafuta ya nazi, twende kilioni moja safi, ukilia unagongwa na kitana, ukimaliza unatumwa dukani sukari, na chenji unarudisha yote. Nani alitoa tipu? Leo mjukuu wangu anasukwa na mtu asiyemjua jina, wanaongea na skrini wote wawili.

Kutoka: Dada Zai (Columbus)

Shangazi umenitoa machozi. Mie kusuka nilijifunzia kwa dada zangu hivyo hivyo, halafu nafika huku naulizwa leseni iko wapi.

Kutoka: Kijana wa Dallas

Texas kusuka tu hakuhitaji leseni tangu 2015. Hii nimesoma KABLA ya kuandika, Mzee Kitwana.

Kutoka: Mzee Kitwana (Seattle)

Hii uko sahihi. Ila ni kusuka tu, ukigusa dawa za kulainisha au mkasi mambo mengine. Na kila jimbo lina lake, Dada Zai asije akahamia kwa kusoma meseji yako.

Kutoka: Mweka Hazina Mstaafu

Nimesoma kimya kimya lakini kuna jambo limepita hapa kama halijasemwa. Mama Tunu ameandika kwamba mchango wa msiba ulipitia kwenye apu yake ya biashara. Kwenye kamati tuliambiwa ni akaunti ya chama. Naomba ufafanuzi, na hesabu yake ilisomwa lini?

Kutoka: Mama Tunu (Houston)

Jamani. Hesabu ilisomwa kwenye mkutano wa Zoom na kila aliyetoa jina lake likatajwa, wewe mzee uliunga ukazima kamera. Akaunti ya chama ilikuwa imefungiwa sababu sahihi mbili zilikuwa safarini na maiti inasubiri ndege. Ningefanyaje? Na ndiyo hiyo hiyo inanitia matatani sasa, IRS wanaiona kama mapato yangu ya kusuka. Kuna mtu ana ile orodha ya majina na kiasi? Nadhani itanisaidia kuambatanisha.

Kutoka: Mweka Hazina Mstaafu

Hakuna aliyesema umekula. Nimeuliza utaratibu.

Kutoka: Fundi Mahesabu (Minneapolis)

Mama hilo la mchango ni zuri kuliko yote uliyosema, maana zawadi na michango haikutakiwa iwe ndani ya 1099-K kabisa. 1099-K ni jumla ghafi, haijui rasta wala msiba, inahesabu kilichoingia basi. Kwa 2024 kiwango kilikuwa dola 5,000 ndo maana mwaka ule watu wengi walishtukizwa, sasa wamerudisha 20,000 na miamala zaidi ya 200. Hela ya rasta ukiihesabu kama mapato basi na ununuzi wake unautoa kama gharama kwenye Schedule C, ila lazima uwe na risiti za duka la nywele. Tipu ni mapato, hazina ujanja. CP2000 si bili wala si ukaguzi, ni pendekezo, na ukipiga namba ya kwenye barua unaweza kuomba uongezewe muda. Hayo mengine ya namna ya kuandika maelezo yenyewe ni marefu, nitaandika nikitoka zamu.

Kutoka: Dada Zai (Columbus)

Risiti za duka la nywele... zile zinazofutika wino ndani ya wiki mbili. Wasusi wenzangu pigeni picha.

Kutoka: Baba Wambo (Columbus)

Bado hakuna mtu amenijibu kama mwenye saluni anapewa.

Kutoka: Shangazi wa Lowell

Mpe umchangie mafuta ya gari baba, atakufa maskini kwa 280 zako 😂

Kutoka: Baba Wambo (Columbus)

Shangazi nawe! Zai nisikize. Ile siku nilitoa 20 taslimu, sikugusa tableti. Nilipofika nyumbani mke wangu akasema ni aibu, binti akasema ni aibu. Mimi nasema 20 ni pesa. Kwetu hiyo ni siku nzima ya kazi ya mtu.

Kutoka: Dada Zai (Columbus)

20 mkononi mwangu mimi naifurahia, sisemi uongo. Kuna anayebonyeza sifuri halafu kesho yake anatuma picha anauliza mbona hapa nyuma pamelegea.

Kutoka: Mama Tunu (Houston)

Fundi umeshatoka zamu?

Kutoka: Njeri (Kansas City)

Samahani sijasoma zote ni ndefu, nimeona kichwa tu. Mimi natoa asilimia 15 kila mara hata akinichelewesha, ni tabia tu. Halafu jamani naulizia, kuna anayejua msusi wa watoto huku Kansas City ambaye havuti nywele za mbele? Wa kwangu amehamia Omaha na hajaniachia mtu.