Huyu Klaus Doldinger ni mtu wa jazi au wa filamu?

Mtoto_wa_Bendi: Wakuu habari za jioni. Jana nimeangalia Das Boot, ile filamu ya 1981 ya nyambizi ya Wajerumani, na ule muziki wake umeniganda kichwani mpaka saa hizi. Nikatafuta mtunzi, naambiwa Klaus Doldinger, mpuliza saksafoni wa jazi. Saksafoni yenyewe mbona sijaisikia? Anayemjua huyu mzee anielekeze nianzie wapi.

Mzee_wa_Santuri: Mkuu huyo ni jazi tupu, filamu zilimkuta njiani. Kazaliwa Berlin 1936, vita imeisha yuko Bavaria bado mtoto, ndo akasikia jazi kwa wanajeshi wa Kimarekani ikamwingia hivyo. Baadaye Düsseldorf, akasoma piano na klarineti, miaka ya 50 yuko na bendi ya Feetwarmers wanapiga ile jazi ya zamani ya New Orleans. 1971 kaunda bendi yake ya Passport, hapo jazi na roki zimepikwa sufuria moja, na drams kwenye albamu ya kwanza kapiga Udo Lindenberg, huyu huyu staa wa roki. Anza na Passport.

Dada_Rhein: Hahaa mimi niko huku Ujerumani, huyo namsikia kila Jumapili saa mbili na robo usiku. Ndo mwenye muziki wa Tatort, tamthilia ya polisi, imeanza 1970 na muziki huo bado wanautumia mpaka leo. Mama mwenye nyumba wangu ikifika saa hiyo simu anailaza kifudifudi mezani, yakitokea yale macho na ile miguu inayokimbia ya mwanzo wa tamthilia basi hata chai usimuulize. Nilipomtajia jina la Doldinger akaniuliza ni nani huyo!

Kinanda75: Mzee wa Santuri hapo kwa Passport tunapishana, sinthesaiza zimezidi. Mtafute na kwateti yake, kundi la watu wanne, ya miaka ya 60, Ingfrid Hoffmann yuko kwenye ogani, yule mama ana mkono jamani, na Doldinger anapuliza tena bila kujificha nyuma ya mitambo. Ila amefariki, Oktoba 2025, akiwa na miaka 89.

Mtoto_wa_Bendi: Apumzike salama. Asanteni, naanza na hiyo ya ogani. Halafu kuna ile tekno ya U96 ya miaka ya 90, ni muziki huo huo wa nyambizi au masikio yangu?

Mzee_wa_Santuri: Ndo huo huo, wameutia ngoma tu.